Sindano ya Binti: Nani Anachoma, Nani Analipa?

Somo letu la leo ni la afya na hesabu pamoja. Soma polepole. Mwisho wa somo utakuta maneno, maswali na kazi ya kuandika. Kama nyumbani kwako yumo msichana wa miaka 9 hadi 14, msomee na yeye.

Tuanze na kisa cha mfano.

Tuseme yuko mama mmoja pale Msimbati. Bahari imekupwa, naye amerudi kutoka pwani na pweza wawili. Anakuta binti yake wa miaka 12 anamngoja barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za shule?"

"Nzuri. Mwalimu kasema wiki ijayo manesi wanakuja kutuchoma sindano. Ya kuzuia kansa."

"Kansa? Na mtoto mdogo kama wewe? Ni shilingi ngapi?"

"Sikuuliza, mama."

Bibi yuko ndani anachambua mboga. Anasikia. "Mwanangu," anasema, "hizo sindano ati zinafunga kizazi. Angalia usije ukakosa wajukuu."

Jioni anakuja mjomba wa mtoto. Naye anatoa shauri lake: "Dada, siku hiyo mpwa wangu aende shamba akaokote korosho. Tuulize kwanza."

Basi siku ile ikafika. Manesi wakaja, wakachoma, wakaondoka. Binti alikuwa kwenye mikorosho. Na kuuliza, hakuna aliyeuliza.

Mama huyu si mtu mbaya. Anampenda mwanawe, na bibi na mjomba vile vile. Kilichowaponza ni mambo mawili wasiyoyajua. La kwanza, sindano ile ni ya nini. La pili, nani analipa. Hebu tuyaangalie yote mawili.

1. UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu unaitwa saratani ya mlango wa kizazi. Wengi wetu husema kansa. Mlango wa kizazi ni ile sehemu ya chini ya mji wa mimba, ambako mtoto hupita wakati wa kuzaliwa.

Ugonjwa huu huletwa na kirusi kiitwacho HPV. Kirusi ni kidudu kidogo sana, hakionekani kwa macho. Hupita kutoka mtu hadi mtu kwa njia ya tendo la ndoa. Watu wengi, wanawake kwa wanaume, hukipata wakati fulani wa maisha yao. Si dalili ya uasherati. Mke mwaminifu anaweza kukipata kwa mumewe, na mume asijue kwamba anacho.

Mara nyingi mwili hukishinda wenyewe. Lakini kwa baadhi ya wanawake kirusi hukaa. Hukaa kimya miaka mingi, pengine 15 au 20. Ni kama mchwa ndani ya nguzo ya nyumba. Kwa nje nguzo ni nzima, kumbe ndani inaliwa. Siku unayoona nyumba imeinama, mchwa wamekwisha kufanya kazi yao.

Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyegundua kwamba kirusi hiki huleta saratani hii. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Hapa Tanzania ugonjwa huu ni mkubwa. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 waliupata katika mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 walikufa. Hao ni mama zetu, dada zetu na wake zetu. Wengi hufika hospitali wamechelewa. Kutoka Msimbati mpaka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Mgonjwa huenda na msaidizi. Shamba linabaki bila mtu, na watoto wanabaki kwa majirani.

2. CHANJO YENYEWE

Chanjo ya HPV haina kirusi kilicho hai. Ndani yake mna ganda tu la kirusi, tena limetengenezwa kiwandani. Ni kama kifuu kisicho na nazi ndani. Hakiwezi kuota. Kwa hiyo chanjo haiwezi kuleta saratani.

Sasa inasaidiaje? Ni kama kumwonyesha mgambo shati la mwizi. Mwizi hajafika kijijini, lakini mgambo amekwisha kulijua shati lake. Siku akitokea, anakamatwa mara moja. Hivyo hivyo mwili hulijua lile ganda, na kirusi cha kweli kikija, mwili uko tayari.

Ndiyo maana chanjo hutolewa mapema, kabla msichana hajakutana na kirusi. Mgambo aonyeshwe shati kabla ya wizi, si baada ya wizi. Huku kwetu wasichana wengi huchezwa unyago katika umri huo huo. Wazazi tunajua kwamba huo ni umri wa kumwandaa mwana. Basi sindano hii nayo ni sehemu ya kumwandaa. Haimfundishi mtoto mambo ya wanaume, kama vile sindano ya pepopunda isivyomfundisha mtu kukanyaga misumari.

Tanzania ilianza kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014. Mwaka 2018 chanjo ikaanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Wakati huo msichana alichomwa sindano mbili. Aprili 2024 mpango ulibadilika. Sasa ni sindano moja tu, na kampeni ya mwezi ule ilikuwa ya wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Mtu atauliza, "Je, moja inatosha, au wamepunguza kwa sababu ya umaskini wetu?" Ni swali zuri. Jibu lake lilitafutwa hapa hapa nchini. Kuanzia mwaka 2017, watafiti walifuatilia wasichana 930 wa Mwanza wenye miaka 9 hadi 14. Wengine walichomwa sindano moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili, karibu wote waliochomwa sindano moja walikuwa na kinga mwilini dhidi ya aina mbili za kirusi zilizo mbaya zaidi. Jirani zetu wa Kenya nao walifanya uchunguzi wao, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba sindano moja inakinga vizuri sana. Mwisho wa mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali sindano moja itumike. Kwa hiyo binti wa Mwanza alisaidia kuufundisha ulimwengu.

Mtoto anayeishi na virusi vya Ukimwi huhitaji zaidi ya sindano moja. Mzazi wake azungumze na mhudumu faraghani.

3. NANI ANACHOMA?

Hapa kwetu anayechoma ni muuguzi au mhudumu wa afya aliyefundishwa kazi ya chanjo. Huchoma zahanati, kituo cha afya, hospitali, au huja shuleni na kijijini kwa huduma ya mkoba. Msichana asiyesoma shule naye ana haki ile ile.

Chanjo hii hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Wavuvi mnajua kwamba samaki bila barafu huoza. Chanjo nayo huharibika kwa joto, lakini ina tabia nyingine: haitaki kuganda. Ikigandishwa kama samaki, imekufa. Ndiyo maana nesi hubeba kisanduku maalumu, na hakubali mtu akifungue ovyo.

Siku moja darasani mwanakisomo mmoja aliniuliza hivi: "Mwalimu, mimi mwezi ujao nakwenda Mtwara mjini kung'oa jino. Siwezi kwenda na binti yangu, daktari wa meno akamchoma huko huko?"

Wenzake walicheka. Lakini swali lake halikuwa la kuchekesha. Ziko nchi ambako daktari wa meno anachoma chanjo hii.

Sababu ni kwamba kirusi cha HPV hakikai sehemu za siri tu. Hukaa pia kooni, nyuma ya ulimi na kwenye tezi za koo. Huko nako huleta saratani, na kule Marekani wanaume ndio wanaoipata zaidi. Sasa nani huangalia ndani ya kinywa cha watu kila mara? Ni daktari wa meno. Na watoto wengi wa kule hupelekwa kwake kila mwaka, hata wakiwa wazima. Basi watu wakasema, mtoto yuko kitini na kinywa wazi, kwa nini asichanjwe hapo hapo? Mwaka 2019 jimbo la Oregon lilikuwa la kwanza nchini Marekani kuwaruhusu madaktari wa meno kutoa chanjo zote, na ya HPV imo.

Hapa kwetu utaratibu ni mwingine. Chanjo iko kwa muuguzi wa chanjo, haiko chumba cha meno. Lakini liko jambo moja ambalo mhudumu wa meno anaweza kulifanya bila friji wala sindano. Anaweza kuuliza: "Mama, binti ana miaka mingapi? Amechanjwa?" Na wewe mzazi unaweza kumtangulia: "Daktari, chanjo ya HPV inatolewa mlango gani hapa?" Hospitali ni nyumba moja yenye milango mingi. Ukiwa umekwisha kulipa nauli ya kufika, usiogope kuuliza mlango wa pili.

4. NANI ANALIPA?

Sasa tuje kwenye swali la mama wa Msimbati: "Ni shilingi ngapi?"

Jibu ni fupi. Wewe mzazi hulipi kitu. Chanjo hii imo katika mpango wa taifa wa chanjo, kama ile ya surua na ya polio. Hulipii dawa, hulipii bomba la sindano, hulipii kazi ya kuchoma. Uwe na bima ya afya au usiwe nayo, ni bure.

Lakini "bure" haina maana kwamba haina bei. Maana yake ni kwamba yuko mwingine anayelipa. Serikali ya Tanzania hulipa sehemu, kutokana na kodi zetu. Sehemu nyingine hulipwa na ushirika wa kimataifa wa chanjo uitwao Gavi, ulioanzishwa mwaka 2000. Gavi hununua kwa niaba ya nchi nyingi kwa pamoja, ndiyo maana hupata bei ndogo. Ni kama wakulima wa korosho. Mmoja mmoja hupunjwa, wakiwa ndani ya chama chao huwa na sauti. Mwaka 2013 ushirika huo ulipata chanjo hii kwa dola 4 na senti 50 kwa dozi moja. Kule Marekani dozi moja huuzwa kwa zaidi ya dola 250.

Na yule daktari wa meno wa Oregon, yeye analipwaje? Hapo ndipo pana kazi. Kwanza hununua chanjo kwa fedha yake na kuiweka kwenye friji. Akishachoma, huandika hati ya madai na kuipeleka kwa bima. Kumbe kule bima ya meno ni mbali, na bima ya mwili ni mbali! Bima ya meno husema, "Sindano si jino." Bima ya mwili husema, "Wewe ni daktari wa meno, hatukufahamu." Katika hati hiyo kila kazi ina namba yake. Namba ikikosewa, madai yanarudi. Kwa miaka mingi kazi ya kuchanja HPV haikuwa na namba katika orodha ya kazi za meno. Ilikuja kuwekwa katika orodha ya mwaka 2023. Kwa sababu ya usumbufu huo madaktari wengi wa meno huona afadhali wasichome kabisa.

Lakini angalia jambo hili. Hata kule kwenye bei kubwa, tangu mwaka 1994 upo mpango wa serikali unaonunua chanjo kwa ajili ya watoto wa watu wasio na uwezo. Nchi tajiri nayo imeona kwamba kinga ya mtoto isingoje mfuko wa mzazi.

Sisi huku hatuna hati ya madai wala namba za bima kwa chanjo hii. Tuna mlango mmoja, na mlango huo uko wazi. Hasara ni kuupita bila kuingia.

5. HESABU

Tuseme dola moja ni shilingi 2,500. Chukua kalamu.

Dozi ya dola 4 na senti 50:
4 x 2,500 = 10,000
Nusu dola = 1,250
Jumla = shilingi 11,250

Dozi ya dola 250:
250 x 2,500 = shilingi 625,000

Sasa chukua darasa lenye wasichana 40:
40 x 11,250 = shilingi 450,000

Fedha hiyo imekwisha kulipwa kabla nesi hajafika shuleni. Kila msichana anayefichwa shamba ameacha shilingi 11,250 zake ndani ya kisanduku, na baadaye pengine atalipa kwa maisha yake.

6. UKIOMBWA FEDHA

Pengine mtu atakwambia, "Leta elfu mbili ya kadi," au "ya mafuta ya pikipiki." Usigombane. Wala usimrudishe mtoto nyumbani bila chanjo. Fanya hivi:

(a) Uliza kwa upole: "Fedha hii ni ya nini, na risiti nitapata?"
(b) Mweleze kwamba unajua chanjo za taifa ni bure.
(c) Akishikilia, mwone mganga mfawidhi wa kituo.
(d) Usipopata msaada, peleka habari kwa serikali ya kijiji, kwa diwani, au kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Andika tarehe, mahali, na kiasi ulichoombwa.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Karatasi yenye tarehe ina nguvu kuliko manung'uniko ya kisimani.

7. MANENO YA BARAZANI

"Inafunga kizazi." Tusimcheke bibi. Anasema hivyo kwa sababu anataka wajukuu. Lakini tuangalie mambo yaliyotokea. Chanjo hii ilianza kutumika duniani mwaka 2006. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake nchi nzima mwaka 2011. Wasichana wa kwanza waliochanjwa sasa ni watu wazima, na wengi wao ni mama wenye watoto. Uingereza ilianza mwaka 2008. Mwaka 2021 watafiti wa huko walitoa taarifa kwamba kwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13, saratani hii ilipungua kwa asilimia 87. Maana yake, pale ambapo wangeugua 100, waliugua 13 tu.

Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe. Mwanamke akikatwa mji wa mimba ili aokoe maisha yake, hapo ndipo wajukuu hukosekana.

"Inaumiza." Kweli, mkono huuma kidogo. Wengine hupata homa kidogo au kichwa kuuma. Wengine huona kizunguzungu kwa hofu ya sindano. Kwa hiyo mtoto ale kabla ya kwenda, na akishachomwa akae dakika 15 akiangaliwa.

8. NA WEWE MAMA?

Chanjo ni ya binti. Wewe mwenye miaka 30 hadi 50 una kipimo chako. Mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, kisha huangalia kama pana sehemu inayogeuka nyeupe. Si upasuaji, na huchukua dakika chache. Doa likionekana mapema, hutibiwa kabla halijawa saratani. Usingoje dalili. Lakini ukiona damu baada ya tendo la ndoa, au damu baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu mbaya, nenda upesi.

Binti aliyechanjwa naye aje apimwe akifika umri huo, maana chanjo haizuii kila aina ya kirusi.

MWISHO WA KISA

Tulimwacha binti wa Msimbati kwenye mikorosho. Je, amekosa moja kwa moja? La. Ana miaka 12, hajachelewa kuulizia. Mama yake anaweza kumpeleka zahanati siku ya kliniki na kusema maneno haya: "Binti yangu hakuwapo siku mlipokuja shuleni. Naomba achanjwe HPV." Na mjomba, aliyesema tuulize kwanza, sasa awe wa kwanza kwenda kuuliza. Kuuliza ni kuzuri, ila swali lisifanywe kichaka cha kujifichia.

Wakirudi, kadi ya chanjo iwekwe pamoja na cheti cha kuzaliwa, ndani ya mfuko wa nailoni, mahali pasipovuja. Kadi hiyo ndiyo risiti ya kitu kisicholipiwa.

MANENO

Chanjo: dawa ya kuukinga mwili kabla ya ugonjwa.
Dozi: kiasi cha dawa kinachotolewa kwa mara moja.
Huduma ya mkoba: wahudumu wa afya kuwafuata watu kijijini au shuleni.
Hati ya madai: karatasi ya kudai malipo ya kazi iliyofanyika.
Mganga mfawidhi: mkuu wa zahanati au kituo cha afya.

MASWALI

1. Kirusi cha HPV huleta ugonjwa gani?
2. Kwa nini msichana achanjwe mapema?
3. Wasichana wangapi wa Mwanza walifuatiliwa na watafiti?
4. Kwa nini madaktari wengi wa meno wa Marekani hawapendi kutoa chanjo hii?
5. Mama ana mabinti watatu wenye miaka 9, 11 na 13. Kwa bei ya shilingi 11,250 kila dozi, gharama yao ni kiasi gani? Yeye mwenyewe atalipa kiasi gani?

KAZI YA KUANDIKA

Andika majina ya wasichana wa miaka 9 hadi 14 walioko nyumbani kwako. Mbele ya kila jina andika: AMECHANJWA au BADO. Kama umeandika BADO hata mara moja, andika chini yake siku utakayompeleka.

(Majibu ya swali la 5: gharama yao ni shilingi 33,750. Mama atalipa sifuri.)